Waliponunua Kikapu Garhoud

Mnamo Februari 2024, shirika la ndege la Emirates na NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, walitangaza mkataba wa miaka kadhaa. Kombe jipya la katikati ya msimu, ambalo hadi hapo lilikuwa limechezwa mara moja tu na kuchukuliwa na Los Angeles Lakers, likapewa jina la shirika hilo, na nembo yake ikabandikwa kwenye jezi za waamuzi. Fainali ya kwanza yenye jina hilo ilipigwa Las Vegas usiku wa Desemba 17, 2024. Milwaukee Bucks wakawafunga Oklahoma City Thunder 97 kwa 81. Dubai ilikuwa tayari tarehe 18, karibu na adhana ya alfajiri. Saa hizo Al Garhoud, mtaa yalipo makao makuu ya Emirates, ni madereva wa teksi, walinzi wanaopokezana zamu na abiria wanaoburuta masanduku kuelekea uwanja wa ndege. Si saa ya mtu kutafuta televisheni.

Kwa watu wa Afrika Mashariki habari hii ina ugeni wake. Mkazi wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala alilijua jina la Emirates kwenye kifua cha mchezaji wa Arsenal kabla hajaliona ubavuni mwa ndege, na aliyemtambulishia si wakala wa tiketi, ni kibanda umiza, banda la mtaani la kutazamia mechi. Kwa zaidi ya miaka 20 pesa zilizopangwa Garhoud zimemiminwa kwenye soka. Ilianza Chelsea mwaka 2001. Kisha Oktoba 2004 ukaja mkataba wa Arsenal wa pauni milioni 100, ulioupa uwanja mpya wa London jina ambalo mashabiki wamelizoea kiasi cha kusahau kwamba ni la kampuni. Wakafuata Paris Saint-Germain, Hamburg, AC Milan, Real Madrid, na shirikisho la FIFA lenyewe. Halafu kampuni hiyohiyo inaingia kwa kishindo katika soko kubwa kuliko yote la michezo duniani, na inachonunua ni kikapu.

Watu wanaoishi kwa kuhesabu abiria hawanunui kitu kwa mapenzi. Kuna jambo walilisoma kuhusu Wamarekani, na jambo hilo lina historia ya miaka 150.

Garhoud yenyewe, kitongoji kilichobanwa kati ya uwanja wa ndege na Hori la Dubai, ina uwanja wa michezo unaojulikana dunia nzima, na si wa soka. Mashindano ya tenisi ya Dubai yalianza 1993, na uwanja wake umepakana na Irish Village, baa na mgahawa wa mtindo wa Ireland ambao wageni wengi huufahamu kuliko tenisi yenyewe. Hapo ndipo Roger Federer alipotwaa taji lake la 100, Machi 2, 2019. Na hapo Wamarekani wamekuja na kushinda: Andy Roddick mwaka 2008, Venus Williams 2009 na tena 2010. Mwaka 2005 Andre Agassi na Federer walipandishwa hadi kwenye kituo cha helikopta juu ya hoteli ya Burj Al Arab, wakapigiana mipira hewani kwa ajili ya kamera. Mkazi wa Garhoud wa miaka ile angeweza kutoka kwake kwa miguu akamwone bingwa wa Kimarekani akitoa jasho. Mwanasoka wa kiume wa Kimarekani wa hadhi hiyo hakuwapo wa kualikwa.

Emirates ilianza kuruka Oktoba 25, 1985, kwa mtaji wa dola milioni 10 na ndege mbili za kukodi kutoka shirika la Pakistan. Ilifika New York miaka 19 baadaye, Juni 2004, miezi minne tu kabla ya kusaini na Arsenal. Safari mbili zikaanza karibu pamoja, na kila moja ikashika njia yake. Ulaya, milango mikubwa iliyogongwa ilikuwa ya soka. Marekani, mlango mkubwa wa kwanza ulikuwa wa tenisi: mwaka 2012 shirika likanunua jina la mfululizo wa mashindano yanayotangulia US Open. Mwaka uliofuata likaweka nembo kwenye jezi ya New York Cosmos, klabu ya soka yenye jina kubwa iliyokuwa ikifufuliwa katika ligi ya daraja la pili. Ukitazama mpangilio huo utaona soka halikusahaulika kabisa. Lilipewa kiti cha nyuma.

Tuanze basi mwanzo. Novemba 6, 1869, mjini New Brunswick, vijana wa chuo cha Rutgers walicheza na wenzao wa Princeton, 25 kila upande, kwa kanuni zilizokaribiana na za chama cha soka kilichoundwa London miaka sita tu nyuma. Kuubeba mpira mkononi kulikatazwa. Rutgers walishinda 6 kwa 4. Leo Wamarekani huuita mchezo huo mwanzo wa mpira wao wa kofia na mabega, ingawa mtu wa Tandale, Dar es Salaam, angeutazama akaona soka la vurugu la watoto wa mtaani. Soka basi halikuchelewa kufika Marekani. Lilifika mapema kuliko lilivyofika Brazil.

Kilichofuata kiliamuliwa na Harvard. Chuo hicho kilipenda mchezo wa kukimbia na mpira mkononi, kikakataa kukaa na wenzake. Mei 1874 kikacheza na chuo cha McGill kutoka Montreal, mara moja kwa kanuni za nyumbani na mara ya pili kwa kanuni za raga, na raga ikawakosha. Harvard ilikuwa Harvard. Yale wakaifuata, na Novemba 1876 vyuo vikubwa vya pwani ya mashariki vikakutana Springfield, Massachusetts, vikapokea kanuni zilizotokana na raga. Katika miaka ya 1880 Walter Camp wa Yale akazikatakata: mpira ukawa wa timu moja kwa zamu, na timu ikalazimika kusonga hatua kadhaa ama ipokonywe. Kufikia 1914 Yale walikuwa na uwanja wa watu 70,000. Wanafunzi!

Hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo zima, na mfano wa kulielewa uko kwetu. Karibu na wakati uleule, wamisionari Waanglikana wa UMCA walikuwa wakiwafundisha vijana wa Kiungani, Zanzibar, kupiga mpira kwa mguu. Wanafunzi hao walipotawanyika kuwa walimu na makarani, mpira ukaenda nao bara. Baadaye mitaa ikauchukua: Yanga wakazaliwa 1935, na Simba mwaka mmoja baada yao. Shule zilipanda soka kwetu. Marekani shule hizohizo zilipanda kitu kingine, na kwa sababu huko shule hazikuwahi kuwaachia mtaa na klabu kazi ya kulea wachezaji, kilichopandwa hakikung'olewa. Majira ya baridi nayo yalizibwa na shule: Desemba 1891, palepale Springfield, mwalimu James Naismith wa chuo cha YMCA alitundika vikapu viwili vya matunda ukumbini ili vijana wapate cha kucheza baridi ikiwa nje. Kiangazi kilikuwa na mwenyewe zamani, besiboli, iliyokuwa na ligi ya kulipwa tangu miaka ya 1870. Soka lilikuwa kama mgeni wa arusi aliyewahi kufika lakini akatoka kidogo kunawa mikono. Aliporudi, kila kiti kilikuwa na mtu.

Wenye besiboli waliwahi kulijaribu, na kisa chao kinachekesha. Mwaka 1894 wamiliki wa klabu sita za besiboli, zikiwamo za New York, Boston na Baltimore, waliona viwanja vyao vinakaa bure msimu ukiisha. Wakaanzisha ligi ya soka ya kulipwa Oktoba hiyo, wakitumia majina ya timu zao za besiboli. Mechi nyingi zilipangwa siku za kazi mchana, wakati wapenzi wa soka, ambao wengi walikuwa wahamiaji wa viwandani, wako kwenye mashine. Baltimore wakaleta wachezaji kutoka Uingereza na kuanza kuwakung'uta wenzao. Pakazuka maswali kuhusu uhalali wa kuwaingiza watu hao nchini. Kabla mwezi haujaisha, ligi ilikuwa imefungwa. Jaribio la kwanza kubwa la soka la kulipwa Marekani lilidumu muda ambao kwetu ungetosha kwa maandalizi ya msimu tu.

Hata hivyo soka halikufa. Liliishi miji ya viwanda, kwa Waskoti wa New Jersey, Wareno wa Fall River na wafanyakazi wa chuma wa Bethlehem. Miaka ya 1920 ligi ya American Soccer League ililipa vizuri kiasi kwamba klabu za Uskoti zililalamika kunyang'anywa wachezaji. Mei 1926 timu ya Kiyahudi ya Hakoah kutoka Vienna ilivuta watu 46,000 kwenye uwanja wa Polo Grounds, New York, rekodi iliyokaa nusu karne. Msomaji anayedhani Wamarekani hawajawahi kulipenda soka na asimame hapo kidogo.

Kilicholiangusha mara hii ni ugomvi wa viongozi, jambo ambalo shabiki wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa. Mwaka 1928 ligi na chama cha taifa viligombania ratiba ya kombe. Ligi ikasusia kombe, klabu tatu zikakaidi zikafungiwa, chama kikaitangaza ligi kuwa haramu na kuunda nyingine ya kushindana nayo, FIFA ikaingizwa. Walipopatana mwishoni mwa 1929, soko la hisa la New York lilikuwa linaporomoka na viwanda vilivyolipa mishahara ya wachezaji vinafunga milango. Mwaka 1930, kule Uruguay, Wamarekani walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kwanza, na Bert Patenaude wa Fall River akawa mtu wa kwanza kufunga mabao matatu katika mechi moja ya kombe hilo. Nyumbani ligi yake ilikuwa taabani, na 1933 ikazikwa.

Juni 29, 1950, mjini Belo Horizonte, Marekani iliifunga Uingereza 1 kwa 0. Mfungaji alikuwa Joe Gaetjens, kijana wa Haiti aliyekuwa akisoma Columbia na kuosha vyombo katika mgahawa mmoja wa New York. Katika nchi yoyote nyingine mtu huyo angepewa mtaa wenye jina lake. Gaetjens alirudi Haiti, na 1964 watu wa utawala wa dikteta Duvalier walimkamata. Hakuonekana tena. Timu yake nayo ilipotea kwa namna yake: haikucheza Kombe la Dunia tena kwa miaka 40.

Katika miaka hiyo 40 iliingia televisheni, na hiyo ilikuwa ndoa ya pili ambayo soka halikualikwa. Mpira wa Kimarekani husimama kila baada ya sekunde chache, besiboli hupumzika kati ya zamu, kikapu kina mapumziko ya makocha. Kila kusimama ni nafasi ya tangazo la sabuni au gari. Soka lina dakika 45 zisizokatika. Mwaka 1967 ligi mpya ilionyeshwa moja kwa moja kwa nchi nzima, na mwamuzi mmoja akaja kukiri kwamba baadhi ya faulo alizopuliza zilikuwa za kupisha matangazo ya biashara. Kuna wanaosema Wamarekani hulikimbia soka kwa sababu ya uchache wa mabao. Siamini. Matokeo ya 21 kwa 14 katika mpira wao ni mara tatu dhidi ya mara mbili, ila kila mara imepewa alama saba. Wenye hamu ya tarakimu kubwa walitengenezewa tarakimu kubwa, na wenye matangazo wakatengenezewa nafasi.

Kampuni ya Warner ilijaribu kuupindua mpangilio huo kwa pesa. Mwaka 1975 ikamleta Pelé katika New York Cosmos, akafuatwa na Franz Beckenbauer na wengine. Agosti 14, 1977, watu 77,691 walijaa Giants Stadium kuwatazama. Lakini klabu nyingine zilipoiga Cosmos bila mfuko wa Cosmos, zikazama mojamoja, na baada ya msimu wa 1984 ligi nzima ikaisha. Jina ndilo lililobaki, na ndilo hilo ambalo watu wa Garhoud walikuja kuliwekea nembo 2013.

Mwaka 1990 ulileta tukio ambalo watu wa Dubai wa umri fulani bado hulikumbuka. Marekani, yenye watu takriban milioni 250, na Falme za Kiarabu, ambazo hazikufikisha milioni mbili, zilikwenda pamoja Italia kwenye Kombe la Dunia. Wamarekani walikuwa wamefuzu Novemba 1989 kwa bao moja la Paul Caligiuri kule Trinidad. Kwa Waimarati ilikuwa mara ya kwanza. Zote mbili zilifungwa mechi tatu kati ya tatu. Czechoslovakia waliwapiga Wamarekani 5 kwa 1, Ujerumani Magharibi wakawapiga Waimarati 5 kwa 1. Kwenye soka, nchi ile kubwa ilikuwa rika moja na Falme za Kiarabu.

Kombe la 1994 lilichezwa Marekani kwenyewe, na watazamaji karibu milioni 3.6 waliingia viwanjani, idadi ambayo michuano iliyofuata kwa muda mrefu haikuifikia ingawa ilikuwa na mechi nyingi zaidi. FIFA ilikuwa imedai ahadi ya ligi, na MLS ikaanza 1996 na timu 10. Mwaka 2002 ilifuta mbili, ikanusurika, ikamleta Beckham 2007, Messi 2023, na sasa ina timu 30. Wanawake walikuwa mbele zaidi. Sheria ya 1972 iliyozibana shule ziwape wasichana nafasi sawa ilifanya kwa soka la wanawake kile Harvard ilichokataa kulifanyia la wanaume, na matokeo yake ni makombe manne ya dunia: 1991, 1999, 2015 na 2019. Mlango wa shule ulipofunguliwa, soka liliingia na kukaa.

Desemba 2, 2010, Zurich, Qatar iliishinda Marekani kura 14 kwa 8 katika kuwania Kombe la 2022. Miaka minne baadaye Emirates ikaamua kutoongeza mkataba wake na FIFA, na Mei 2015 waendesha mashtaka wa Marekani wakasababisha maofisa kukamatwa hotelini Zurich. Garhoud haikuacha soka la klabu, lakini pesa zake zilianza kutazama kwingine.

Na takwimu zilionyesha wapi. Kampuni ya Gallup ilipowauliza Wamarekani mwishoni mwa 2023 mchezo wanaopenda zaidi kutazama, asilimia 41 walitaja mpira wao wa Kimarekani, 10 besiboli, 9 kikapu, na 5 soka. Asilimia 5 ya watu wazima wa Marekani ni zaidi ya wakazi wote wa Falme za Kiarabu, kwa hiyo si watu wa kudharau. Lakini mpira wa Kimarekani hausafiri. Hauna mashabiki wengi Lagos wala Manila. Kikapu kinasafiri. Shirika linalotua katika miji 12 ya Marekani na kuunganisha Afrika na Asia lilihitaji mchezo wenye watu pande zote mbili za safari.

Vijana wawili kutoka Tanzania wanaonyesha jinsi milango ya Marekani inavyofunguka. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alianza kikapu akiwa na miaka kama 15. Urefu wake ulipoonekana, mfumo ulimpokea: shule ya sekondari Houston, kisha Chuo Kikuu cha Connecticut, na Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika nchi nzima, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. (Memphis wamechekwa sana kwa hilo, ila si kosa la Thabeet.)

Bernard Kamungo alizaliwa kwa wazazi wa Kikongo katika kambi ya Nyarugusu, Kasulu, mkoani Kigoma, akapelekwa na familia Abilene, Texas, akiwa kijana wa miaka 14. Alifunga mabao mengi shuleni, lakini soka la vijana la Marekani ni la kulipia, klabu nyingi nzuri hutoza ada ambazo familia ya wakimbizi haina, na maskauti hutazama huko kwenye ada. Ndugu yake alimlipia ajiandikishe katika majaribio ya wazi ya timu ya pili ya FC Dallas. Wakamchukua. Januari 2024 akaitwa timu ya taifa ya Marekani.

Miezi mitano kabla ya hapo, Agosti 6, 2023, Inter Miami ya Messi ilikwenda kucheza na Dallas katika mji wa Frisco. Kamungo alifunga bao moja, Dallas wakafika 4 kwa 2, Miami wakarudisha bao, Messi akasawazisha kwa mpira wa adhabu dakika ya 85, na Miami wakapita kwa penalti. Uwanja ule una viti takriban 20,000, na ulijaa. Mji wa jirani, Allen, una uwanja wa viti 18,000 wa mpira wa Kimarekani, uliogharimu dola milioni 60 na kufunguliwa 2012. Huo ni wa shule ya sekondari.